Mgeni na Jembe: Wafanyakazi wa Kigeni katika Ustawi wa Ujerumani ya Magharibi

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuifundisha methali hii kama onyo kwa mgeni asiyejua kuaga. Lakini ndani yake wamo watu wawili: yumo mgeni, na yumo mwenyeji mwenye shamba. Mwenye shamba hupata nini mgeni apokeapo jembe? Na mgeni akishalima msimu baada ya msimu, je, bado ni mgeni? Maswali hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Tumeona tuyatafutie jawabu katika historia ya Ujerumani ya Magharibi baina ya mwaka 1955 na 1973, kwa sababu huko lugha yenyewe iliwaita watu hao wageni. Neno lililotumika ni Gastarbeiter: Gast ni mgeni anayekaribishwa nyumbani, Arbeiter ni mfanyakazi. Mwenyeji wa Kijerumani hakungoja siku ya tatu. Jembe lilitolewa siku ya kwanza.

Yafaa tukae kidogo na neno hilo, maana sisi ni watu wa maneno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Wanazi ilijaza viwanda na mashamba yake watu wa mataifa mengine, wengi wao wakiletwa kwa nguvu kutoka Poland, Urusi, Ukraine na Ufaransa. Kufikia mwaka 1944 idadi yao, pamoja na mateka wa vita waliofanyishwa kazi, ilizidi milioni 7. Hao waliitwa Fremdarbeiter, na fremd ni kitu cha ugenini, kitu kisicho chako. Miaka kumi baada ya vita jina hilo lilikuwa bado linanuka damu, ndipo likaenea jina jipya lenye sauti ya ukarimu. Hata hivyo ukarimu huo ulikuwa na sharti lililofichwa ndani yake: mgeni huja, hukaa, huondoka, hakuna mgeni aombaye funguo za nyumba. Sisi wa pande za Maziwa Makuu tulikuwa na neno letu, manamba, ambalo waliitwa vibarua wa mkataba waliotoka Ruanda-Urundi, Msumbiji na kwingineko kwenda kukata mkonge Tanganyika. Neno hilo lilitokana na namba aliyopewa kila kibarua, na kwa maoni yetu lilikuwa la kweli zaidi: halikumdanganya mtu kwamba amealikwa.

Sasa tuje kwenye uchumi. Ujerumani ya Magharibi haikuanza kukua kwa sababu ya Waitaliano au Waturuki, na msomaji asikubali kuambiwa hivyo. Sarafu mpya, Marki, ilitolewa mwaka 1948. Msaada wa Marekani uliingia. Viwanda vingi vilikuwa vimeharibiwa majengo kuliko mashine. Na ulimwengu ulikuwa na njaa ya vyuma na mitambo. Katika miaka ya 1950 pato la taifa lilikua kwa wastani wa takriban asilimia 8 kila mwaka. Mwanzoni mwa kipindi hicho nchi haikuwa na upungufu wa watu hata kidogo. Mwaka 1950 zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi hawakuwa na kazi, na nchi ilikuwa imepokea Wajerumani wapatao milioni 8 waliofukuzwa katika majimbo ya mashariki yaliyochukuliwa na Poland na Urusi, na katika Chekoslovakia na nchi nyingine. Waliongezewa na wale waliokimbia Ujerumani ya Mashariki: tangu mwaka 1949 hadi Agosti 1961 walivuka zaidi ya milioni mbili na nusu, wengi wao vijana na mafundi.

Watu hawa walizungumza Kijerumani, kwa hiyo vitabu vingi haviwahesabu katika habari za uhamiaji. Kwetu sisi hilo ni kosa. Mtu aliyefika Bavaria mwaka 1946 na mzigo mmoja mkononi, asiyejulikana na yeyote, akilazwa katika chumba cha mkulima asiyemtaka, alikuwa mhamiaji kwa kila kipimo isipokuwa cha lugha. Alikuwa tayari kwenda popote penye kazi na kupokea ujira uliokuwapo. Ukitazama vyema, basi, utaona kuwa uchumi huo ulikuwa umekwisha kuzoea kulishwa na wahamiaji hata kabla garimoshi la kwanza halijaondoka Italia. Kilichotokea baadaye ni kwamba chemchemi moja ilikauka, ikatafutwa nyingine.

Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi mjini Roma tarehe 20 Desemba 1955, na Waziri wa Kazi wa Ujerumani, Anton Storch, pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje wa Italia, Gaetano Martino. Wazo halikutoka kwa Wajerumani peke yao. Italia ilikuwa na umati wa wasio na kazi katika mikoa yake ya kusini, nayo ndiyo iliyobisha hodi. Katika Ujerumani wapo walioshangaa, kwani bado walikuwapo Wajerumani wasio na kazi, lakini wakulima wa kusini-magharibi walikuwa wamekwisha kulalamika kwamba vijana wamewakimbia na kwenda viwandani. Vyama vya wafanyakazi vilikubali kwa sharti moja la maana, yaani mgeni alipwe ujira uleule wa mwenyeji kwa kazi ileile, ili asitumiwe kuvunja nguvu ya wenzake.

Mwaka 1960 nafasi za kazi zilizokuwa wazi zilizidi idadi ya watu waliozitafuta. Mwaka huohuo mikataba ilifanywa na Hispania na Ugiriki. Kisha, tarehe 13 Agosti 1961, ukuta ukajengwa katikati ya Berlin, na njia ya watu wa Mashariki ikazibwa usiku mmoja. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ukafuata mkataba na Uturuki. Halafu Moroko mwaka 1963, Ureno 1964, Tunisia 1965, Yugoslavia 1968. Wachimba makaa ya mawe waliletwa hata kutoka Korea ya Kusini.

Namna ya kuwachagua watu hao ilikuwa ya utaratibu mkubwa mno. Idara ya Ajira ya Ujerumani ilifungua ofisi katika nchi hizo, ile ya Istanbul ikiwa maarufu kupita zote. Mwenye kiwanda alipeleka maombi yake na kulipa ada kwa kila kichwa. Ofisi ilimkagua mwombaji: je, ajua kusoma? Mikono yake imezoea kazi gani? Kisha daktari alimtazama meno, mapafu, damu na mkojo, aghalabu watu wengi wakisimama pamoja wakiwa nusu uchi. Aliyefaulu alipandishwa garimoshi lililochukua zaidi ya siku mbili kufika München, na hapo, chini ya jukwaa la 11 la stesheni kuu, katika handaki lililosalia tangu wakati wa vita, aligawiwa chakula na kuelekezwa garimoshi jingine la kumpeleka kiwandani.

Tarehe 10 Septemba 1964 waajiri walitaka kusherehekea. Katika stesheni ya Deutz mjini Köln walimwita kwa kipaza sauti Mreno mmoja, seremala mwenye umri wa miaka 38, Armando Rodrigues de Sá, kwa kuwa hesabu zao zilionyesha kuwa yeye ndiye mgeni wa milioni moja. Inasemekana kuwa kwanza aliogopa akidhani anarudishwa kwao. Badala yake alipewa maua na pikipiki ndogo, bendi ikapiga, na picha yake ikaenea magazetini. Pikipiki ile leo imewekwa katika jumba la makumbusho la historia mjini Bonn. Mwenyewe alifanya kazi miaka michache, akaugua, akarudi Ureno, na akiba yake ikaishia katika matibabu, ilhali alikuwa amechangia bima ya Kijerumani iliyopaswa kumsaidia. Alifariki mwaka 1979. Tumemtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha jinsi hesabu ilivyofanywa: michango yake iliingia katika mfuko, lakini haki iliyotokana nayo haikumfikia.

Je, Ujerumani ilifaidika kwa kiasi gani? Faida ya kwanza ndiyo inayosahaulika upesi. Binadamu hulelewa, hutibiwa na kusomeshwa kwa miaka kumi na minane au ishirini kabla mikono yake haijazalisha kitu. Gharama hiyo huibeba familia, kijiji na taifa. Ujerumani ilimpokea mtu aliyekwisha kukomaa, mwenye miaka ishirini na kitu au thelathini, aliyekaguliwa afya, naye akaanza kuzalisha juma lilelile alilofika. Gharama ya kumlea ililipwa na mama mkulima wa Anatolia, Calabria au Alentejo. Kama chuma au mafuta yangeingia nchini kwa namna hiyo, mwaka baada ya mwaka bila malipo, kila mwandishi wa uchumi angelitaja jambo hilo katika ukurasa wa kwanza.

Faida ya pili ni ngazi. Mgeni alianzia chini: mgodini, kwenye tanuru, kwenye mkanda wa kuunganishia magari, katika ujenzi, katika kufagia. Kazi hizo zilipopata watu, Mjerumani aliyekuwa akizifanya alipanda na kuwa msimamizi, fundi mkuu au karani. Yakadiriwa kwamba baina ya mwaka 1960 na 1970 Wajerumani zaidi ya milioni mbili walitoka katika kazi za mikono wakaingia katika kazi za ofisini. Yamkini wengi wao waliamini kuwa walipanda kwa juhudi zao tu. Juhudi zilikuwapo, lakini ngazi haipandiki ikiwa hakuna wa kusimama kwenye kidato cha chini.

Tena, katika miaka hiyohiyo wenyeji walianza kufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilidai juma la saa arobaini na Jumamosi ya mapumziko, na katika viwanda vingi wakazipata. Vijana walikaa shuleni miaka mingi zaidi. Jeshi jipya liliundwa mwaka 1955, na kuanzia mwaka 1957 liliwachukua vijana kwa sheria. Wazaliwa wa miaka ya vita, ambao walikuwa wachache, ndio waliofikia umri wa kazi. Kwa sababu hizo zote saa za kazi za Wajerumani zilipungua, ilhali maagizo ya bidhaa yaliongezeka. Pengo hilo lilizibwa na wageni. Mtu aweza kusema kuwa Jumamosi ya Mjerumani ililindwa na Mturuki wa zamu ya usiku, ijapokuwa hatujui mwanasiasa wa wakati ule aliyethubutu kulisema hilo hadharani.

Kuna na mfuko wa pensheni. Mwaka 1957 serikali ya Konrad Adenauer ilibadili sheria ili michango ya wanaofanya kazi leo iwalipe wastaafu wa leo. Mfumo wa namna hiyo hunawiri ikiwa wachangiaji ni wengi na wazee ni wachache. Wageni walikuwa vijana karibu wote. Walichangia tangu mshahara wa kwanza, na wazazi wao waliokuwa wazee walibaki kijijini wakilishwa na ndugu. Hali kadhalika, kwa kuwa wengi walikuja peke yao na kulazwa wanne, sita au zaidi katika chumba kimoja cha bweni la kiwanda, nchi haikuhitaji kuwajengea nyumba nyingi wala shule. Fedha ambazo zingejenga mitaa zilinunua mashine.

Wataalamu wa uchumi walibishana juu ya mambo hayo tangu zamani. Mwaka 1954 W. Arthur Lewis, mwana wa kisiwa cha Saint Lucia ambaye baadaye, mwaka 1979, alipewa Tuzo ya Nobeli, alieleza jinsi nchi changa inavyoweza kukua kwa haraka maadamu mashambani kuna watu wengi wanaoweza kuhamia viwandani bila ujira kupanda sana. Mwaka 1967 Mmarekani Charles Kindleberger aliichukua hoja hiyo akaipeleka Ulaya. Alisema kuwa nchi za Ulaya zilizokua upesi baada ya vita ni zile zilizokuwa na nguvukazi ya ziada, iwe ya wakulima wake wenyewe, ya wakimbizi au ya wageni. Waingereza, kwa mfano, hawakuwa na wakulima wa ziada wa kuwahamisha, na uchumi wao ulikwenda mwendo wa kobe.

Hoja ina nguvu, lakini lazima tuitazame upande wa pili. Japani ilikua kwa karibu asilimia 10 kila mwaka katika kipindi hichohicho bila kuita mgeni yeyote. Ni kweli kwamba Japani ilikuwa na wakulima wake wa kuwahamisha, na Kindleberger mwenyewe angejibu hivyo. Lakini wakulima walipopungua, wenye viwanda wa Kijapani walilazimika kubuni mashine, ilhali baadhi ya wenzao wa Ujerumani, hasa wa nguo, migodi na kalibu za chuma, waliendelea na mitambo ya zamani kwa kuwa mikono haikukosekana. Lawama hiyo ilisikika ndani ya Ujerumani yenyewe kufikia mwanzo wa miaka ya 1970. Isitoshe, katika miaka ya 1960, wageni walipofurika, uchumi ulikua kwa asilimia 4 na kitu tu kila mwaka, yaani nusu ya ule mwendo wa miaka ya 1950.

Kwa hiyo tunakata shauri hivi: wageni hawakuuwasha moto, bali waliuongezea kuni wakati ambapo ungeanza kufifia. Ukuaji ndio uliowaita, nao wakaurefusha. Bila wao mishahara na bei zingepanda mapema, viwanda vingekataa maagizo, na Jumamosi ile ya mapumziko ingechelewa. Anayedai kuwa walijenga muujiza wote wa uchumi huongeza chumvi. Anayedai kuwa walikuja kula matunda ya muujiza ulioshiba tayari hajasoma hesabu.

Tena wageni walikuwa ukuta wa kinga. Mwaka 1966 na 1967 uchumi ulizorota kwa mara ya kwanza tangu vita. Wafanyakazi wa kigeni, waliokuwa takriban milioni 1.3, walipungua kwa zaidi ya laki tatu kwa muda mfupi. Mikataba yao haikurefushwa, wakarudi makwao. Takwimu za wasio na kazi zilizotangazwa Bonn hazikuwaonyesha, kwani mtu asiye na kazi akiwa Naples au Izmir huhesabiwa na serikali nyingine. Uchumi ulipoamka mwaka 1968 ofisi za Istanbul zilifunguliwa milango tena, na kufikia mwaka 1973 wageni walikuwa milioni 2.6, yaani mmoja katika kila wafanyakazi wanane au tisa.

Mpango wa asili ulikuwa wa zamu: mtu akae mwaka mmoja au miwili, arudi, aje mwingine. Mkataba wa kwanza na Uturuki uliweka kikomo cha miaka miwili. Waliokiondoa kikomo hicho mwaka 1964 si wapenda haki bali ni wenye viwanda. Walikuwa wamegundua kile ambacho kila mwalimu anakijua, yaani kumfundisha mtu kazi, kisha kumfukuza siku anapoijua, ni kutwanga maji kinuni. Uchumi wenyewe, basi, ndio ulioipinga dhana ya mgeni. Ulihitaji watu wa kudumu, huku serikali ikiendelea kuwaita wapita njia.

Mwaka 1973 wageni walisema wenyewe. Katika kiwanda cha Pierburg mjini Neuss, kilichotengeneza vipuri vya magari, wanawake kutoka Yugoslavia, Uturuki, Ugiriki, Italia na Hispania waligoma mwezi wa Agosti. Walikuwa wakilipwa katika daraja la chini lililoitwa la kazi nyepesi, daraja ambalo kwa kweli lilikuwa la wanawake. Mafundi wa Kijerumani waliungana nao, na daraja hilo likafutwa. Siku chache baadaye Waturuki wa kiwanda cha Ford mjini Köln waligoma pia, baada ya wenzao wapatao 300 kufukuzwa kwa kuchelewa kurudi kutoka likizo. Safari ya gari kwenda Anatolia na kurudi ilikula siku nyingi za likizo yenyewe. Hapo chama cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono, Wajerumani wengi waliwapa kisogo, na mgomo ukavunjwa kwa msaada wa polisi. Twaona migomo hii miwili isomwe pamoja: mahali ambapo mwenyeji alimwona mgeni kuwa mfanyakazi mwenzake, walishinda wote.

Tarehe 23 Novemba 1973, bei ya mafuta ilipopanda, serikali ya Willy Brandt ilisimamisha uajiri wa wageni wote wasiotoka nchi za Jumuiya ya Ulaya. Ilitarajiwa kuwa idadi yao ingepungua. Ikawa kinyume. Zamani mtu aliweza kurudi kwao akijua kuwa ataitwa tena. Sasa aliyetoka alijua mlango umefungwa nyuma yake. Wakabaki, wakawaita wake, waume na watoto. Watu wa kigeni waliokuwa karibu milioni 4 mwaka 1973 walifika takriban milioni 4.5 mwaka 1980. Hata hivyo tusisahau kwamba kati ya milioni 14 hivi waliokuja tangu mwaka 1955, wapatao milioni 11 walirudi makwao.

Nchi walizotoka zilipata nini? Mwaka 1973 Waturuki walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja, fedha zilizokaribia mapato yote ya Uturuki ya kuuza bidhaa ng'ambo. Nyumba zilijengwa, matrekta yalinunuliwa, ada zikalipwa. Lakini fedha hizo hazikujenga viwanda vingi kama ilivyotumainiwa Ankara, na waliochaguliwa hawakuwa wazembe wa kijiji: walikuwa wenye afya, wanaojua kusoma, na mara nyingi wenye ufundi.

Ujerumani ya Mashariki nayo ilikuwa na wageni wake, na habari hiyo yatuhusu kwa karibu. Mwaka 1979 ilifanya mkataba na Msumbiji, na Wasumbiji vijana takriban 20,000 walikwenda kufanya kazi katika viwanda na migodi ya makaa. Huko dhana ya zamu ilitekelezwa bila huruma. Waliishi katika mabweni yao, mbali na wenyeji. Mwanamke aliyepata mimba alitakiwa aitoe au arudi kwao. Sehemu ya mshahara, ambayo kwa kipindi fulani ilifika asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa watakaporudi. Fedha hizo zilihesabiwa katika madeni ya Msumbiji kwa Ujerumani ya Mashariki. Ukuta ulipoanguka na dola ile kutoweka mwaka 1990, wengi wao walirudishwa, na waliofika Maputo walipewa kidogo au wasipewe kitu. Wakaanza kuandamana Jumatano, mwaka baada ya mwaka. Wanaitwa Madjermane, na walimu wa Kiswahili wataitambua mara moja silabi ya kwanza: ni ma- ya wingi katika lugha za Kibantu za kusini mwa Msumbiji, iliyobandikwa kwenye jina la Ujerumani. Walikwenda kama Wasumbiji, wakarudi wakiitwa Wajerumani, na deni lao halikulipwa na upande wowote.

Turudi Magharibi, maana limebaki suala la watoto, ambalo sisi walimu hatuwezi kulipita. Kwa kuwa serikali zilishikilia kuwa wageni wataondoka, shule hazikujua ziwafundishe nini watoto wao. Katika Bavaria lilianzishwa darasa la lugha ya mama, ili mtoto wa Mturuki awe tayari kurudi Uturuki ambako pengine hajawahi kuishi. Kwingineko aliketishwa kati ya Wajerumani bila msaada wa lugha, kisha akahukumiwa kuwa mzito wa akili na kupelekwa katika shule ya daraja la chini. Wapenzi wa Kiswahili tusidhani kuwa darasa la lugha ya mama ni heri siku zote. Lugha ya mama ikitumiwa kama tikiti ya kumrudisha mtoto, si heshima tena kwa lugha hiyo.

Hasara ya kiuchumi ilikuwa kubwa hapo. Viwanda vilivyowaajiri baba zao vilipopunguza watu katika miaka ya 1980, vijana wengi walikuwa hawana elimu ya kazi nyingine. Mwaka 1983 serikali ilitoa Marki 10,500, na zaidi kwa kila mtoto, kwa mgeni asiye na kazi atakayekubali kurudi kwao moja kwa moja. Mwaka huohuo wapo watoto waliokuwa wakikaribia kumaliza sekondari ambao thamani yao haikuonekana na mtu. Mmoja alikuwa Uğur Şahin, aliyezaliwa Iskenderun, akaletwa Ujerumani akiwa na umri wa miaka minne kumfuata baba aliyefanya kazi katika kiwanda cha Ford cha Köln. Amesimulia mwenyewe kwamba mwalimu wake wa shule ya msingi alipendekeza apelekwe shule ya daraja la chini, na jirani mmoja wa Kijerumani ndiye aliyeingilia kati. Mwaka 2020 yeye na mkewe, Özlem Türeci, binti wa daktari wa Kituruki, waliongoza utafiti wa kampuni ya BioNTech uliozaa chanjo ya UVIKO-19. Hatumtaji ili kudai kuwa kila mgeni huzaa mvumbuzi. Twajiuliza tu kuhusu watoto wasiokuwa na jirani wa namna ile.

Maneno nayo yalibadilika polepole. Mwaka 1982 vyama vilivyounda serikali ya Helmut Kohl viliandika katika makubaliano yao kwamba Ujerumani si nchi ya uhamiaji. Mwaka 2000 sheria mpya ya uraia ilianza kutumika, ikimruhusu mtoto aliyezaliwa nchini na wazazi wa kigeni kuwa raia kwa masharti fulani. Iliyotangulia, ya mwaka 1913, ilifuata damu tu. Tarehe 1 Machi 2020 ilianza sheria ya kuwaita wenye ujuzi kutoka nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, na katika jina lake limo neno Einwanderung, yaani kuhamia na kukaa. Neno Gast halimo. Sababu zake ni zilezile za miaka ya 1960: wazee wengi, vijana wachache, hospitali na karakana zisizo na watu wa kutosha.

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya nayo ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na Ujerumani, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakishuhudia. Mkataba huo una pande mbili. Upande mmoja wahusu kuwapokea Wakenya wenye ujuzi na wanaojifunza ujuzi. Upande wa pili wahusu kuwarudisha wale wasio na kibali cha kukaa. Idadi ya watakaopokewa haikuandikwa.